Ngozi Iliyobaki

Merina alipokuwa mnene, hakuna mtu Ifakara aliyewahi kumuuliza habari za afya yake. Alikuwa akipanda ngazi tatu za benki anahema mpaka mlinzi anamletea kiti, magoti yanamuuma usiku kucha, presha inapanda na kushuka kwa ratiba yake yenyewe, na watu wakikutana naye wanamwambia, "Mama Aneth umependeza, ndoa imekukubali." Siku alipoanza kukonda ndipo mji mzima ulipoingiwa na wasiwasi.

Alikonda kwa makusudi. Jambo hili inabidi lisemwe mapema, kwa sababu hakuna aliyeliamini. Daktari alimwambia kwamba magoti yake yamebeba watu wawili na mmoja wao inabidi ashuke, basi akaamua kumshusha. Akapunguza wali. Kumwambia mtu wa Ifakara apunguze wali ni kumwambia aipunguze Ifakara yenyewe, tena huyu alikuwa anauza mchele kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, anashinda amekalia gunia, pumba zinamwangukia kichwani na harufu ya mchele mpya iko puani kutwa nzima. Lakini alipunguza. Kila alfajiri akawa anatembea kwa miguu njia ya Kivukoni mpaka karibu na daraja, kisha anarudi, na wenye baiskeli wanapunguza mwendo kumpa pole wakidhani ameishiwa nauli.

Ukapita mwaka na zaidi. Magoti yakanyamaza, presha ikatulia, mwili ukaondoka. Ngozi ikabaki.

Ngozi haikupewa taarifa kwamba wenzake wamehama. Ilibaki pale pale, kwa vipimo vile vile vya zamani, ikimsubiri mwenye nyumba. Tumbo lilimning'inia juu ya mapaja kama kanga iliyoloa maji. Akimpungia mkono mteja, mkono ukishamaliza kupunga, ngozi ya chini inaendelea kusalimia peke yake. Merina akaacha kupunga. Akaanza kuvaa madera mapana ya mikono mirefu hata kwenye lile jua la Januari ambalo hata mbuzi hulikimbia.

Majirani walilitazama dera, wakautazama uso uliochongoka, wakafikia uamuzi. Dada Paskalina, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, mwanamke mwenye moyo mkubwa na masikio makubwa zaidi, alileta jumuiya nzima Jumamosi moja na rozari, sukari na machungwa. Wakasali kwa sauti ya chini, ile inayotumika pembeni ya kitanda.

"Mimi siumwi, dada," Merina aliwaambia walipomaliza. "Nimepunguza mwili tu."

"Ndiyo, mdogo wangu," Paskalina alisema huku akimpapasa bega. "Usijali kabisa. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi miaka mingi na wanasomesha watoto."

Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Ni watu wenye adabu. Walikula machungwa waliyoyaleta wenyewe, wakaondoka, na kufikia Jumatatu asubuhi mpaka wauza samaki walijua kwamba mama Aneth ameanza kutumia dozi.

Yote hayo Merina aliyameza. Kilichomshinda kumeza ni Nickolaus.

Nickolaus, mume wake, alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa huko juu, na alikuwa anarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Enzi za unene hakukosa hata mara moja. Anafika, anatua begi, anampiga mke wake kofi la tumboni na kusema, "Nyumbani kumejaa." Lilikuwa kofi la kipuuzi na Merina alikuwa analilalamikia kila mara. Sasa alikuwa tayari kulilipia. Tangu akonde, Nickolaus alikuwa amepata shifti nyingi za ajabu, msimu wa kuvuna miwa umekuwa hauishi, na hata akija analala ameuelekea ukuta kama mtu aliyeahidiwa kwamba ukuta utasema kitu. Akimjulia hali mke wake, anauliza kwa sauti ya mgeni wa wodini: "Unaendeleaje?" Na asubuhi anasuuza kikombe chake mwenyewe, kazi ambayo katika ndoa yao yote hakuwahi kuonyesha kwamba anaijua.

Merina si mjinga. Aliyaweka yote pamoja akapata jibu moja: ngozi. Mume wake alikuwa amemwona siku moja akitoka kuoga, kabla hajajifunika, na tangu siku hiyo hakumtazama tena. Na jubilei yao ilikuwa inakaribia. Miaka ishirini na mitano ya ndoa, misa ya shukrani, pete kubarikiwa upya mbele ya padri, kisha ukumbini bwana na bibi wafungue muziki watu wakipiga makofi, kisha usiku warudi chumbani kwao wafunge mlango. Huo mlango ndio uliokuwa unamnyima usingizi. Padri, keki na ukumbi vilikuwa ni mambo ya kamati. Yeye alitaka mume wake amtazame, basi, hakutaka kingine.

Akaanza kukaza ngozi.

Binti yao Aneth, aliyekuwa anafanya kazi Morogoro, alimtumia krimu ya kukaza ngozi. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya tumbo la binti ambaye, kwa muonekano, hakuwahi kushiba tangu azaliwe. Krimu ilinukia embe. Merina alijipaka asubuhi na jioni kwa imani kubwa, na walionufaika ni sisimizi. Akajaribu ute wa yai, ambao kweli ulikaza, ukakaza vizuri mno, mpaka alipocheka ukapasuka. Akanunua mkanda wa kubana tumbo kwenye mtumba. Ngozi ya mbele ikakubali kubanwa, ikahamia mgongoni. Mwisho akarudi kwa daktari, naye akamweleza kwa upole kwamba ngozi iliyovutika miaka mingi hairudi yote: mazoezi ya kujenga misuli yatasaidia kiasi, muda utasaidia kiasi, na itakayobaki ni ya kukatwa, na wanaoikata wako Dar es Salaam. Merina akamshukuru sana. Hakuwa ameenda kusikiliza ukweli.

Njiani kurudi ndipo akamkumbuka Bibi Balbina.

Bibi Balbina wa Idete ndiye aliyemkanda na kumfunga tumbo alipomzaa Aneth, na nusu ya wanawake wa mtaa ule walirudi katika maumbo yao chini ya mikono yake. Merina akapiga hesabu yake mwenyewe, na akiwa njiani ilikuwa hesabu isiyo na kasoro: tumbo lililotoa mtoto mzima lilirudi, hili lililotoa mafuta tu litashindwaje? Akamtumia ujumbe.

Bibi alifika na mfuko wake, akapewa shikamoo, akaitikia, akaomba tumbo lifunuliwe. Alilitazama kwa muda.

"Huyu mtoto alikuwa mkubwa," alisema.

"Hakuna mtoto, bibi. Nimekonda."

"Sawa. Tumbo ni tumbo." Akatoa kanga. "Lakini mimi sifungi nusu, mjukuu wangu. Ukitaka mkono wangu utaingia ndani. Sokoni hapana, maji ya baridi hapana, kuonwa onwa hapana. Mimi sifungi tumbo linalokwenda kupima mchele."

Merina akakubali. Akamwachia mwenzake magunia pale mashineni, akasema ana shughuli ya nyumbani kidogo, asieleze ni ipi. Mtu ataanzaje kueleza? Akaingia ndani. Kila alfajiri maji yakachemshwa, akakandwa mpaka akawataja watakatifu wote anaowajua, kisha kanga zikazungushwa na kukazwa mpaka mbavu zikawa zinapigana vikumbo. Baada ya hapo akaletewa uji wa pilipili manga, bakuli kubwa, na akasimamiwa mpaka aumalize. Akawa analala chali anatazama dari na kujiambia kwamba inakaza. Alipojigusa aliona kabisa inakaza. Ukimfunga hata mto wa kulalia namna ile utakaza.

Alilolisahau ni kwamba Bibi Balbina haendi kwenye nyumba ya watu kuchezacheza. Mfuko wake ukiingia mlango fulani, mtaa mzima unajua umefuata nini. Moshi wa alfajiri ukaonekana. Harufu ya uji wa pilipili ikavuka uzio. Mama Aneth haonekani mashineni. Basi majirani wakakaa kikao kwenye uzio, na kikao kikarejea ushahidi: lile dera pana, ule uso uliochongoka huku tumbo likionekana kwa mbele, ile kuacha kupunga mkono, ambayo mmoja alisema ni dalili kabisa. Kwa kauli moja, ugonjwa ukafutwa. Akazaliwa mtoto.

Wale wale waliokuwa wamekuja na rozari wakarudi na sabuni, beseni na fulana ndogo za kufumwa. Dada Paskalina alibeba kuku. Mama Sayi, Msukuma wa Namawala aliyekuwa anapitisha maziwa mtaani kwa baiskeli, aliacha dumu zima la kumwongezea mzazi maziwa na akakataa hata kusikia habari ya malipo. Bibi Balbina aliwapokea mlangoni, akapokea na kuku.

"Mtu amefungwa, haonwi," akawaambia, kama anavyowaambia watu siku zote, na Paskalina akageuka ameridhika kama aliyeonyeshwa cheti.

Merina aliwasikia wote kupitia dirishani. Alimsikia mmoja akisema jana usiku mtoto alilia sana, na mwingine akisema ni wa kiume, na wa tatu, ambaye hakuwahi hata kuuvuka uzio, akisema anafanana na baba yake mno. Alitaka kucheka, kanga zikamkataza. Angeweza kutoka akawaambia ukweli. Lakini ukweli ulikuwa ni kwamba mwanamke mzima wa miaka arobaini na saba amejifungia ndani anakaza ngozi kwa ajili ya mume asiyemtazama, na katika zile habari tatu, ya kufa, ya kuzaa na hii, hii ndiyo iliyokuwa na aibu kuliko zote. Tena, tuseme kweli, alikuwa amechoka kupewa pole. Hongera ilimpendeza, hata kama ilikuwa ya mtoto wa hewani. Akanyamaza, akanywa maziwa.

Kosa lake ni kuisahau simu ya Paskalina.

Nickolaus alifika siku ya Alhamisi mchana, katikati ya mwezi, na viatu vya kazini vyenye grisi, bila begi. Merina alisikia hatua zake sebuleni. Mwanamke huyu maskini alidhani amekumbukwa. Mume akaingia chumbani, akasimama katikati, akatazama kitandani, akatazama nyuma ya mlango, akainama akatazama hadi lile beseni.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Merina, usinifanye mjinga. Nimepigiwa simu mbele ya mafundi wote. Hongera baba, Mungu amewakumbuka. Watu wamenipa mikono, wamenichangia soda. Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, baba Aneth."

"Hakuna mtoto na umefungwa. Hakuna mtoto na Bibi Balbina yuko jikoni anachinja kuku." Lazima ikubaliwe kwamba alikuwa amependeza katika hasira, kama wanavyopendeza watu wote walioonewa. "Mimi nimekaa kwenye basi njia nzima nahesabu. Mimi na wewe hatujakaribiana tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Sasa niambie wewe, mtoto huyo ni wa nani? Miaka ishirini na mitano, Merina. Nimekukosea nini?"

Kumbe na yeye alikuwa anahesabu. Hilo lilimuuma Merina kuliko tuhuma yenyewe. Alikuwa amejiambia labda wanaume hawajui muda unavyokwenda.

Akanyanyuka taratibu, maana kwa kanga zile hakuna kunyanyuka kwa namna nyingine. Akakaa pembeni ya kitanda, akavua mikono ya dera likashuka kiunoni, akatafuta fundo la kwanza. Akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, na ya mwisho akaiacha ianguke yenyewe. Akasimama mbele ya dirisha, mchana wa jua kali. Tumbo likashuka likakaa mahali pake pa siku zote, limepigwa mistari na mikunjo ya kanga, halikuwa limekaza hata kidogo.

"Mtoto wako huyu hapa," alisema. "Mtazame vizuri."

Aibu aliyoisikia haikuwa na mfano. Ilimpanda kutoka miguuni, ikamjaa machoni. Lakini alishaanza, basi akamaliza.

"Nilitaka ngozi ikaze kabla ya jubilei. Nimejipaka kila kitu, nikaona bora nifungwe kama mzazi. Nilijua umeichukia. Nilitaka siku ile unitazame, Nickolaus, hicho tu. Huna haja ya kunitukana kwa mtoto ambaye hayupo."

Nickolaus alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, kuliko alivyotazama mwaka mzima. Kisha akakaa kwenye kiti juu ya nguo.

"Ngozi?" akauliza.

"Ngozi."

"Hakuna kitu kingine? Huumwi?"

"Nilikuambia tangu siku ya kwanza kwamba nimepunguza wali. Ninyi nyote niliwaambia."

Hapo mwanaume akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa mkono wenye grisi, akacheka tena. Akasimama, akamkumbatia mke wake hivyo hivyo alivyo, akampiga kofi la tumboni, na tumbo likajibu kwa namna mpya kabisa. Merina alianza kulia kwa furaha. Mwaka mzima alikuwa anaogopa kitu ambacho mume wake hata hakukijali.

"Ngozi tu," Nickolaus alisema huku akitikisa kichwa. Furaha ilikuwa imemlegeza ulimi, na maneno yakawa yanatoka bila kupita mlangoni kukaguliwa. "Mungu mkubwa. Na mimi nilivyohangaika, mama Aneth, hujui tu. Nilipoona unaisha vile nikasema basi, tumekwisha. Sikulala. Nilienda kupima kule kule kazini, wakaniambia nipo salama, sikuamini. Nikaenda hospitali nyingine nikapima tena, salama. Bado nikasema labda kidudu hakijaonekana, bora nikae mbali na wewe kwanza. Ndiyo maana ya zile shifti. Sikuwa na uso wa kukutazama. Nikikuona unavaa lile dera nasema moyoni, Nickolaus, umemuua mwanamke wa watu."

Akacheka tena, lakini alicheka peke yake.

Merina alikuwa amejitoa kwenye ile mikono. Alirudi nyuma hatua moja, akakaa kitandani. Jikoni Bibi Balbina alikuwa anatwanga kitu, na sauti ilisikika vizuri sana.

"Niliyekonda ni mimi," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Na aliyekimbilia kupima ni wewe."

Nickolaus akafungua mdomo. "Ni tahadhari tu, mke wangu. Siku hizi watu wanashauriwa."

"Hukuja kuniuliza mimi nimepita wapi. Hukusema Merina ameniletea ugonjwa. Umesema umeniua." Hakupaza sauti. Alikuwa anayapanga maneno mbele yake polepole, kama anavyochambua mchele kwenye ungo, na kila alipotoa moja alilitazama. "Leo umesikia nimezaa, umefika umekasirika, umeniuliza ni wa nani. Lakini uliposikia ninakufa hukuniuliza. Ulijua."

"Merina, hayo ni mambo ya zamani."

"Mwaka jana ndio zamani?"

Akatazama ukuta, ule ule wa siku zote, na ukuta haukumsaidia.

Merina aliwaza mwaka wote ule: sisimizi, mayai, mkanda wa mtumba, alfajiri za maji ya moto. Alikuwa ameiadhibu ngozi yake kwa kosa ambalo haikulitenda. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni kubwa, kwa sababu dakika chache tu zilizopita alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Ifakara.

"Kaa chini," akamwambia.

Nickolaus akakaa.

"Sitapiga kelele. Dada Paskalina yuko uzioni na sitaki kumfurahisha. Nataka kujua tu. Anza na jina lake."

Mwanaume akainamisha kichwa, akasugua grisi kwenye viganja. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kukamatwa na akaamua, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kuwa mkweli. Alifikiri sana. Kisha akainua macho, akauliza kwa unyenyekevu kabisa:

"Nianze na yupi?"

Merina alikuwa amekaa kwenye mwanga wa dirisha, dera limemshukia kiunoni, tumbo limelala mapajani na mikono iko wazi, na hakuna hata sehemu moja aliyoona haja ya kuifunika. Aliyekuwa anaangaza macho chumbani akitafuta pa kujificha ni Nickolaus.